Bugali, Ndagala na Mifupa ya Mbwa Mkubwa

Mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd huzaliwa na uzito wa karibu nusu kilo. Akitimiza mwaka, kama ni dume, mara nyingi ameshapita kilo 30. Mtoto wa binadamu anayezaliwa na kilo 3 huhitaji zaidi ya miaka 15 kuongeza uzito wake mara 20; mbwa huyu huuongeza mara 60 ndani ya miezi 12. Mwili unaokua kwa kasi hiyo hausamehe makosa ya jikoni, na makosa mengi huishia kwenye mifupa.

Mbwa wa kienyeji wanaozunguka mitaa ya Baraka, mji wa Kivu ya Kusini kando ya Ziwa Tanganyika, na vijiji vya milimani kuelekea Fizi hawana shida hiyo. Ni wadogo, wengi wao hawapiti kilo 15, humaliza kukua mapema, na vizazi vingi vya maisha ya makombo vimewachuja: wasioweza kuishi kwa bugali na vichwa vya samaki walikufa zamani bila kuacha watoto. Mbwa mkubwa ni mgeni katika mji huu. Anapofika kutoka Bukavu, Uvira au Bujumbura, kwa kawaida amenunuliwa na mtu mwenye duka, ghala au ofisi anayetaka mlinzi wa usiku, na huletwa pamoja na ushauri wa kila jirani. Mpe nyama mbichi awe mkali. Msagie mifupa umchanganyie awe na miguu minene. Mshibishe awe mkubwa haraka.

Ushauri huo wote hutolewa kwa nia njema, na wote unaweza kumlemaza.

Ule wa mifupa ya kusaga unastahili kutazamwa kwanza, kwa sababu kwa masikio ya mtu yeyote una mantiki. Mifupa hujengwa kwa kalsiamu. Mbwa mkubwa ana mifupa mikubwa. Basi aongezewe kalsiamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, wakiongozwa na daktari wa mifugo Herman Hazewinkel, waliipima hoja hiyo kwa watoto wa mbwa aina ya Great Dane na kutoa matokeo yao mwaka 1985. Kundi moja lilipewa chakula chenye kalsiamu asilimia 1.1 ya uzito mkavu, jingine asilimia 3.3. Waliopewa nyingi ndio walioharibika: gegedu za viungo zilivurugika, mifupa ya miguu ikapinda, ukuaji ukakwama.

Sababu yake iko tumboni. Mbwa mzima akila kalsiamu iliyozidi, utumbo wake huchukua anachohitaji na kuiacha nyingine ipite. Mtoto wa mbwa, hasa kabla ya kutimiza miezi 6, bado hana kizuizi hicho. Sehemu kubwa ya alichopewa huingia damuni, atake asitake, na mwili hulazimika kuisukuma kwenye mifupa kabla ya wakati wake. Mtoto wa mbwa mdogo hupata nafuu kwa kuwa ukuaji wake ni mfupi. Yule wa kilo 30 au 40 atakaa mwaka mzima na zaidi akiijenga mifupa hiyo huku uzito ukizidi kuilemea. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wanataka chakula cha mtoto wa mbwa mkubwa kiwe na kalsiamu ya takriban asilimia 0.8 hadi 1.5 ya uzito mkavu, na viwango vya Marekani vinavyotumiwa na watengenezaji wa chakula cha mbwa vimeweka kikomo cha asilimia 1.8 kwa mbwa watakaofikia kilo 32 au zaidi.

Nyama tupu nayo hudhuru kwa njia iliyo kinyume. Ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, fosforasi ikiizidi kalsiamu zaidi ya mara 10. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama peke yake, au nyama na bugali, hukosa kalsiamu damuni, na mwili huanza kuibomoa mifupa yake yenyewe ili kuziba pengo. Kwa nje hung'aa na kunenepa. Kisha siku moja anaruka kizingiti na mguu unavunjika. Mwenye mbwa hudhani amepigwa na mtu. Na hakuna ushahidi kwamba nyama mbichi humfanya mbwa awe mkali. Ulinzi mzuri hutokana na malezi na mafunzo, na anayetaka kuona hilo atazame mbwa wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, ambao habari zao zinakuja.

Baraka haina sababu ya kuhangaika, kwa kuwa jibu linaanikwa mchangani kila asubuhi. Ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika, huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani na kuuzwa kwa kipimo sokoni. Ni samaki wadogo wanaoliwa wazima, na huo ndio utajiri wao: nyama, mifupa na ini vimo pamoja. Zaidi ya nusu ya uzito wa ndagala mkavu ni protini, na gramu 100 huwa na kalsiamu ya gramu 2 hadi 3, ikiandamana na fosforasi kwa uwiano ambao mfupa wenyewe umeupanga. Hakuna anayeweza kulinganisha madini hayo kwa kijiko cha mifupa iliyosagwa kwa kukadiria. Samaki ameyalinganisha tayari.

Tuchukue mtoto wa miezi 3 mwenye kilo 12. Anahitaji takriban kilokalori 1,100 hadi 1,300 kwa siku. Gramu 150 za unga, gramu 100 za ndagala wakavu, yai moja na vijiko viwili vya mawese humfikisha hapo, na kalsiamu ya mchanganyiko huo huangukia karibu na asilimia 1. Mtu asiye na mizani apime mara moja kwa mizani ya dukani, aone gramu 100 za ndagala zinajaza kikombe gani, kisha kikombe hicho kiwe kipimo chake. Mawese mekundu yana kazi zaidi ya kutia nguvu: yanabeba karotini, ambayo mwili wa mbwa huigeuza kuwa vitamini A, pamoja na vitamini E. Ini la ng'ombe au mbuzi, kipande kidogo mara moja kwa wiki, huongeza shaba na vitamini ambazo samaki na unga havitoshelezi. Huu ni mlo wa mahali ambapo hakuna gunia la chakula cha mbwa dukani, na mtu anayeweza kumfikia daktari wa mifugo amwonyeshe aupitie, kwa sababu madini kama zinki ni rahisi kupungua katika chakula cha kupika nyumbani.

Upishi wake ni wa kawaida. Ndagala hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu kwa robo saa, mchanga ukatuama chini ya sufuria, na kama walitiwa chumvi maji hayo hubadilishwa. Huchemshwa mpaka mifupa ilainike na kupondeka kati ya vidole. Ndipo unga huongezwa ndani ya mchuzi uleule na kusongwa mpaka uive kabisa. Wanga mbichi hupita utumboni bila kumfaa na kumwachia tumbo la kuendesha. Watafiti waliolinganisha vinasaba vya mbwa na mbwa mwitu wa kijivu, wakiongozwa na Erik Axelsson wa Uppsala, Sweden, walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa amerithi nakala nyingi zaidi za kinasaba kinachovunja wanga. Bugali basi si chakula kigeni kwake, mradi kimeiva. Vitunguu viachwe kabisa, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hii ndiyo hatari ya kummiminia mabaki ya mchuzi wa nyumbani. Pilipili pia haimfai. Samaki mbichi naye aepukwe: aina kadhaa za samaki wabichi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza.

Mikeke na samaki wengine wakubwa wanafaa kwa nyama yao, ila miiba yao migumu itolewe. Mifupa ya kuku iliyopikwa isimfikie hata siku moja. Huvunjika kwa ncha kali.

Unga ndio unaohitaji macho. Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9. Ule wa muhogo una asilimia 1 hadi 2 tu. Mtoto wa mbwa anayelishwa bugali wa muhogo na mchuzi mwepesi anashiba bila kujengwa, tumbo likiwa duara na mgongo ukihesabika pingili kwa pingili. Muhogo mchungu huja na jambo jingine ambalo kila mama wa Fizi analijua kwa ajili ya watoto wake: usipolowekwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri, hubaki na sianidi. Vita na ukimbizi vinapowafanya watu wafupishe siku za kuloweka, ndipo watu hupata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao umewahi kuripotiwa Kivu ya Kusini. Unga usiofaa kwa mtoto wa nyumba haufai kwa mbwa. Mwenye nafasi achanganye nusu muhogo nusu mahindi, au atumie mchele wa bonde la Mutambala ukiwa bei nafuu.

Halafu kuna ukungu. Mahindi na karanga vilivyovunwa mvua ikinyesha na kuwekwa kwenye magunia kabla ya kukauka huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya zilikuwa kitovu cha mlipuko wa sumu hiyo kutoka kwenye mahindi. Watu 125 walikufa kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Mwishoni mwa 2005 nchini Marekani, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Ini la mbwa huihimili aflatoksini vibaya kuliko la wanyama wengi wa kufugwa. Kwa hiyo tabia ya kutenga mahindi yaliyooza na karanga zilizokunjamana kuwa chakula cha mbwa ni tabia ya kuacha leo. Mtu amimine karanga kiganjani karibu na mwanga, azigeuze: iliyo nyeusi, ya kijani au iliyonywea, na ile inayonuka vumbi la unyevu, itupwe shimoni. Kuchoma au kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Swali la kubadilisha chakula huja siku ileile mtoto anapofika. Ana wiki 8, ametengwa na mama yake, ametikiswa barabarani kutoka Uvira kwa saa kadhaa, na tumbo lake limezoea kitu kimoja. Mnunuzi aliyempokea mbwa huyo ana haki ya kumuuliza muuzaji alikuwa anakula nini, mara ngapi kwa siku, na dawa ya minyoo alipewa lini. Siku chache za kwanza apewe hichohicho, hata kama si kizuri. Baada ya hapo mlo mpya uingie kwa robo: robo mpya kwa siku mbili au tatu, kisha nusu, kisha robo tatu, mpaka siku 7 hadi 10 zikamilike. Bakteria wa utumboni wanaosaga chakula hubadilika polepole kufuata kinachoingia. Wakigeuziwa chakula ghafla, maji hubaki kwenye utumbo na mtoto huharisha. Kinyesi kikilegea katikati ya mabadiliko, mwenye mbwa arudi hatua moja nyuma akae hapo siku mbili tatu.

Pwani ya Tanganyika, hata hivyo, haimngoji mtu amalize ratiba yake. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti samaki, ndagala hupungua sokoni na bei hupanda. Mwaka 2024, serikali ya Tanzania ilisitisha uvuvi katika sehemu yake ya ziwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaane, hatua iliyotokana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Barabara nazo hufungwa na mvua au na bunduki. Kwa mji kama Baraka, ufundi wa kubadilisha chakula ni ufundi wa kuona ukosefu ukija. Debe la ndagala lililonunuliwa giza la mwezi, wakati bei iko chini, likahifadhiwa pakavu lenye kifuniko, linampa mwenye mbwa siku 10 za kuvuka kwa hatua badala ya usiku mmoja.

Ndagala wakikosekana kabisa, maharage yaliyopikwa mpaka kupondeka, mayai na nyama ya utumbo hushika zamu ya protini, lakini kalsiamu ya mifupa midogo imeondoka na lazima irudishwe. Hapo ganda la yai lina kazi. Likichemshwa, likakaushwa na kusagwa laini kama unga, ganda la yai moja hutoa kalsiamu ya karibu gramu 2. Kwa mtoto wetu wa kilo 12, ganda moja na kidogo kwa siku linatosha, na ndagala wakirudi sokoni ganda hilo likome. Vyote viwili kwa pamoja ni kulirudia kosa la Utrecht.

Si kila kuharisha kunatokana na chakula. Minyoo ya mviringo karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa nayo au huinyonya kwa mama, na dawa yake hutolewa kila wiki 2 mpaka umri wa miezi 2 au 3, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Tumbo lililovimba baada ya mlo mdogo, manyoya yasiyolala na kinyesi chenye kamasi huashiria minyoo kabla ya kuashiria unga mbaya. Damu kwenye kinyesi, kutapika na kukataa maji ni jambo jingine kabisa: huenda ni parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache, na hapo hakuna mabadiliko ya mlo yatakayosaidia. Kinachosaidia ni chanjo ya mapema na daktari wa haraka.

Kiasi cha chakula ndicho kinachowashinda watu wengi, na wanaoshindwa zaidi ni wenye uwezo. Mwaka 1974, Åke Hedhammar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwalea watoto 24 wa Great Dane wawili wawili: mmoja alikula mpaka akatosheka, mwenzake akapewa theluthi mbili ya alichokula yule. Matatizo ya mifupa na viungo yaliwaandama wale walioshibishwa. Utafiti mwingine wa Marekani uliwafuata Labrador 48 tangu walipokuwa na wiki 8 mpaka kufa kwao. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi kwa wastani miaka 13, wenzao miaka 11.2, na nyonga zao zilichelewa kuchakaa. Urefu wa mwisho wa mbwa umeandikwa katika damu ya wazazi wake. Kushibishwa kupita kiasi humfikisha mapema tu, akiwa na viungo visivyo tayari.

Viganja ndiyo mizani. Mwenye mbwa amsimamishe mtoto, aweke dole gumba mgongoni na vidole vilivyonyooka ubavuni, kisha asogeze bila kubonyeza. Mbavu zisikike mara moja, kama mifupa ya juu ya kiganja cha mtu aliyekunja ngumi kidogo, bila kuonekana zote kwa mbali. Zikitafutwa kwa kubonyeza, chakula kipunguzwe kwa sehemu moja ya kumi wiki hiyo. Nyonga zikitokeza, kiongezwe kwa kiasi hichohicho. Majirani watasema mbwa anakonda. Waachwe waseme. Mlo wa siku ugawanywe mara nne mpaka miezi 3, mara tatu mpaka miezi 6, kisha mara mbili maisha yake yote, maji safi yakiwapo muda wote. Mbwa wenye kifua kirefu wakila mlo mmoja mkubwa wamo katika hatari zaidi ya tumbo kujisokota, na tumbo likijisokota saa chache huamua.

Kuna hesabu moja ambayo maandishi ya namna hii hayana haki ya kuikwepa. Mbwa wa miezi 6 mwenye kilo 25 hutaka zaidi ya kilokalori 1,500 kwa siku, kiasi kinachokaribia mlo wa mtu mzima. Katika wilaya ambako familia zimehama mara kwa mara kutoka nyanda za juu, na ambako tangu 2015 kambi ya Lusenda imewapokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi, ndagala anaowala mbwa huyo kwa siku ni kitoweo cha nyumba. Mtu akijua kwamba mbwa atakula wakati watoto wa nyumba wamekosa, au kwamba mbwa ndiye atakayekosa kila mbalamwezi ikiwa kali, asimlete mbwa huyu. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kulishwa vizuri hubweka usiku kwa sauti ileile inayomgeuza mwizi njiani, kwa karibu nusu ya chakula. Kumlea mbwa mkubwa nusu nusu ni ukatili unaofanywa polepole.

Kongo ina mahali ambapo kazi ya kumlea mbwa mkubwa inafanywa kikamilifu. Huko Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, kikosi cha mbwa kilianzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zahner, kwa kutumia Bloodhound, mbwa wa kilo 40 na zaidi wenye pua ya kufuata harufu ya mtu aliyepita saa nyingi kabla. Walinzi wa hifadhi hufunzwa kuwatunza na kufanya nao kazi ya kuwafuatia majangili, katikati ya eneo lenye vita. Mbwa wa uzito huo hufika kazini akiwa na viungo vizima kwa sababu mtu fulani alimpimia chakula kila siku tangu akiwa mdogo.

Mifupa ya mbwa mkubwa hufunga ncha zake za ukuaji kati ya miezi 12 na 18, na aina nzito zaidi huchelewa kuliko German Shepherd. Mpaka hapo asikimbizwe kando ya baiskeli wala kurukishwa kuta. Uzito ukikaa palepale kwa miezi miwili mfululizo, ndipo chakula cha mtoto kibadilishwe kuwa cha mbwa mzima, kwa robo zilezile za siku 10: ndagala wapungue taratibu, unga ubaki au uongezeke kidogo, mawese yatolewe kulingana na kazi anayofanya. Kwa mbwa wa kilo 32 anayelala mchana na kuzunguka ua usiku, kilokalori 1,400 hadi 1,600 zinatosha, pungufu au sawa na alichokula akiwa na miezi 6.